Ufadhili wa Uzamili Katika Elimu ya Simu ya Upepo: Swali ni la Nani?

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ilinijia akilini mapema mwaka huu, mwalimu mmoja wa fizikia aliponitembelea afisini mwangu chuoni akiwa na bahasha mbili mkononi. Binti huyu nilimfundisha somo la stadi za mawasiliano alipokuwa katika mwaka wake wa kwanza, na tangu ahitimu amekuwa akisomesha katika shule moja ya upili ya kutwa katika kaunti ya Tana River. Baada ya kuniamkia na kuketi, alitoa katika bahasha ya kwanza barua ya chuo kimoja cha ng'ambo. Barua hiyo ilimweleza kuwa amepewa ufadhili kamili wa kusomea shahada ya uzamili katika mawasiliano yasiyotumia waya: karo, nauli, malazi, na posho ya kila mwezi kwa muda wa miaka miwili. Katika bahasha ya pili mlikuwa na daftari.

Nilimpongeza kwa dhati. Yeye hakutabasamu.

"Mwalimu," akasema, "mimi wamenikubali, lakini swali langu wamelikataa."

Nilimtaka anieleze. Kwa muda wa miezi minane, yeye na wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wakiandika katika daftari lile, mara tatu kwa siku, nguvu za mawimbi ya simu kama simu yenyewe inavyozionyesha kwa tarakimu, na kando ya tarakimu hizo, kiasi cha mvua kilichoingia katika kipimamvua cha idara ya jiografia. Kazi hiyo ilianza siku mwanafunzi mmoja aliponyoosha mkono darasani na kuuliza: kwa nini mtandao hupotea mvua inaponyesha? Mwalimu hakuwa na jibu kamili, na badala ya kumnyamazisha mtoto, akaamua walitafute pamoja. Alipoomba ufadhili, aliandika kwamba hilo ndilo swali angependa kulitafiti. Chuo kikamjibu kwa upole kwamba fedha zilizopo ni za mradi unaochunguza mawasiliano ya simu ndani ya magari-moshi yaendayo kasi, na kwamba yeyote atakayefadhiliwa kwa fedha hizo hana budi kufanya kazi katika mradi huo.

"Sasa, Mwalimu, niende, nisiende?"

Nimeona vyema kulijibu swali hilo hadharani, kwa kuwa si la binti huyu peke yake. Linawahusu vijana wengi wanaohitimu katika vyuo vyetu kila mwaka na kuanza kutafuta nafasi za uzamili katika fani hii ambayo wazee wetu waliiita kwa jina tamu, simu ya upepo. Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la wahandisi. Jibu langu ni kwamba shamba hilo lina mpaka mmoja na letu. Claude Shannon wa Marekani, aliyeweka msingi wa nadharia ya mawasiliano mwaka 1948, alirudi mwaka 1951 na makala nyingine iliyopima ni kwa kiasi gani msomaji wa Kiingereza anaweza kubashiri herufi inayofuata. Aliyetaka kujua waya unaweza kubeba nini alilazimika kwanza kujua lugha inabeba nini. Kwa hiyo naomba nisifukuzwe.

Tuanze na lile swali la mtoto wa kidato cha tatu, tuone kama ni la kitoto. Mawimbi yanayotoka katika simu ya mkononi kwenda kwenye mnara kwa kawaida huwa na masafa yaliyo chini ya gigahezi 3, na mvua haiyasumbui sana. Mtu angeweza basi kudhani kwamba mtoto yule amekosea. Lakini mnara haufanyi kazi peke yake. Ni lazima uunganishwe na mnara mwingine, na huo na mwingine, hadi mjini. Mahali pasipo na nyaya zinazopitisha mwanga, kiungo hicho huwa ni mawimbi ya mikrowevu, ambayo mara nyingi huwa na masafa ya juu zaidi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo urefu wa wimbi unavyopungua na kukaribia ukubwa wa tone la mvua. Kuanzia takriban gigahezi 10 kwenda juu, tone hilo hulifyonza na kulitawanya wimbi kiasi cha kulidhoofisha vibaya. Isitoshe, mvua kubwa huandamana na kukatika kwa umeme, na mnara usio na betri au jenereta ya kutosha huzimika. Basi washukiwa ni zaidi ya mmoja. Ni yupi mwenye hatia katika kijiji kile? Hakuna awezaye kujibu akiwa ameketi kitini. Ni lazima mtu aende akapime.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kanuni ambazo wahandisi huzitumia kukadiria jinsi mvua inavyodhoofisha mawimbi hutolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ambalo liliasisiwa mwaka 1865. Kanuni hizo zimejengwa kwa vipimo, na kwa muda mrefu vipimo hivyo vimekuwa vingi katika nchi za baridi na vichache katika nchi zilizo karibu na ikweta. Mvua ya London hudondoka siku nzima kwa unyonge. Mvua ya kwetu hukaa kimya miezi, kisha ikaja na kumwaga kwa saa moja kile ambacho kwingineko kingemwagwa kwa wiki. Matone yake hayalingani na ya huko. Anayejenga mnara wetu kwa kipimo cha mvua ya wengine amemshonea mtu nguo bila kumwita aje apimwe.

Wala si hayo tu. Mwaka 2006 watafiti wa Israel walionyesha kwamba kudhoofika kwa mawimbi baina ya minara ya simu kunaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha mvua yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walitumia njia hiyo kuchora ramani ya mvua ya nchi nzima. Mwaka uliofuata, yaani 2014, yalichapishwa matokeo ya kwanza kutoka Afrika Magharibi, nchini Burkina Faso. Fikiri, ndugu msomaji: kile kinachotukera, yaani mtandao kupotea, ndicho kinachoweza kutueleza mvua imenyesha wapi na kwa kiasi gani, katika maeneo ambayo hayana vituo vya kutosha vya utabiri wa hali ya hewa. Wakazi wa Tana River waliofurikiwa mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, hawahitaji kufafanuliwa thamani ya habari kama hiyo. Swali la mtoto yule, basi, halikuwa la kitoto hata kidogo.

Lakini swali lililofadhiliwa ni la magari-moshi yaendayo kasi, ambayo Tana River haina, na Kenya nzima haina.

Hapa pana hoja yangu kuu. Ufadhili wa uzamili si karo na nauli tu. Anayeufadhili utafiti hununua swali. Huchagua ni jambo gani litakalofikiriwa na akili changa, kali na yenye bidii kwa muda wa miaka miwili, tena katika umri ambao fikra hupata mkondo wake wa maisha. Mkondo huo ukishachimbwa, maji hupita humo humo hadi uzeeni.

Sisemi haya kwa kijicho wala kwa kukosa shukrani. Mimi mwenyewe nilipata shahada yangu ya uzamifu ng'ambo kwa fedha za wafadhili. Niliondoka hapa nikiwa na nia ya kuchunguza lahaja ya kijiji cha nyanya yangu. Nikarejea nikiwa mtaalamu wa nadharia ambayo msimamizi wangu aliipenda. Nadharia hiyo imenilisha na siikani. Lakini nyanya yangu na rika lake, walioijua lahaja ile katika ukamilifu wake, wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hakuna aliyewarekodi. Swali langu la kwanza limezikwa pamoja nao.

Yafaa ifahamike pia kwamba shahada ya uzamili si ngazi ya kupitia tu mtu akielekea kwenye mambo makubwa. Huyo Shannon niliyemtaja alipokuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alilipwa kama msaidizi wa utafiti, akihudumia mashine kubwa ya kukokotoa iliyokuwa na saketi za umeme zilizomsumbua na kumshangaza. Kutokana na kazi hiyo ya kila siku lilizuka swali, na kutokana na swali ikazuka tasnifu ya uzamili aliyoikamilisha mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 21. Tasnifu hiyo ilionyesha kwamba mantiki ya ndiyo na siyo inaweza kujengwa kwa swichi za umeme. Tarakilishi na simu tulizo nazo leo zimesimama juu ya wazo hilo. Alipewa posho, akapewa mashine, akaachwa aulize. Hayo matatu ndiyo ufadhili wa utafiti.

Pengine msomaji atasema kwamba mfano huo ni wa nchi tajiri. Basi na tumtazame Jagadish Chandra Bose wa Bengal. Huyu alisoma Cambridge, kisha akarejea kufundisha katika Chuo cha Presidency mjini Calcutta wakati India ikiwa chini ya mkoloni. Maabara yake ilikuwa chumba kidogo, na fundi wa kumsaidia kuunda vyombo alikuwa mhunzi wa mabati wa papo hapo. Katika chumba hicho, katikati ya miaka ya 1890, Bose alizalisha na kunasa mawimbi yenye urefu wa milimita chache tu, naye akayaonyesha hadharani mjini mwake. Mwaka 1904 alipewa hataza nchini Marekani kwa kifaa chake cha kunasia mawimbi. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, wahandisi wa simu za kizazi cha tano wanayarudia mawimbi hayo hayo ya milimita na kuyahangaikia. Bose alikwenda ng'ambo, lakini swali alilirudisha nyumbani na kulifanyia kazi nyumbani. Aidha, kuna jambo ambalo mimi kama mtu wa lugha siwezi kuliruka: baba yake alimpeleka kwanza katika shule ya Kibengali, akiamini kwamba mtoto aijue lugha yake kabla ya Kiingereza, na Bose alipokuwa mwanasayansi mashuhuri aliandika pia insha za sayansi kwa Kibengali.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku yetu ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na aliistahili. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Swali lilikuwa la wengine.

Miaka 50 baadaye, Julai 2020, maputo ya kampuni ya Loon yalianza kuwaletea Wakenya mtandao kutoka angani, umbali wa kilomita takriban 20 juu ya vichwa vyetu. Yalikuwa maputo kama 35, na eneo lililokusudiwa lilikaribia kilomita 50,000 za mraba. Tulishangilia. Januari 2021, kabla ya mwaka kwisha, ikatangazwa kwamba kampuni inafungwa kwa sababu gharama hazikuweza kushushwa vya kutosha. Wenye maputo hawakumdhulumu mtu. Walijaribu jambo gumu na walipoona halilipi wakaacha. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyebaki na elimu ya kuliendeleza au hata kulikosoa? Nguo ya kuazima haisitiri matako, na teknolojia ya kuazima huondoka siku mwenyewe anapoihitaji.

Kwa hakika nafasi za ufadhili zipo, na vijana wazijue. Zipo za Jumuiya ya Madola. Zipo za Ujerumani kupitia shirika la DAAD. Zipo za Ulaya ziitwazo Erasmus Mundus, zilizoanza mwaka 2004. Zipo za Chevening za Uingereza, ambazo ni za mwaka mmoja. Ninawahimiza wanafunzi waziombe zote. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi, na waulize maswali matatu. Je, shahada hii ni ya kuketi darasani au ya kutafiti? Kama ni ya kutafiti, mada itachaguliwa na nani? Na je, vipimo vyake vinaweza kufanyiwa nyumbani? Wapo wafadhili wanaokubali mwanafunzi arudi kwao kwa miezi kadhaa akakusanye data. Asiyeuliza hapewi.

Wala si lazima mtu apande ndege. Umoja wa Afrika uliasisi Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, na taasisi yake ya sayansi za kimsingi, teknolojia na ubunifu imewekwa hapa hapa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja. Huko vijana kutoka pembe zote za Afrika hupewa ufadhili wa uzamili na uzamifu, na uhandisi wa umeme, pamoja na tawi lake la mawasiliano ya simu, ni mojawapo ya masomo hayo. Jirani zetu wa Rwanda nao waliafikiana mwaka 2011 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, kikafungua bewa mjini Kigali. Mifano hii yatuonyesha kwamba jambo linawezekana. Kinachokosekana ni wingi wake, na nia yetu wenyewe ya kutoa fedha zetu.

Nasema fedha zetu kwa sababu zipo, na sheria imekwisha kuzitaja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuahidi kwamba kila mwaka itapata asilimia 2 ya pato la taifa. Mgao halisi haujawahi kufikia kiwango hicho. Aidha, marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyofanywa mwaka 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni za mawasiliano huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Wengi hudhani kwamba hazina hiyo ni ya kujengea minara pekee. Sivyo. Sheria yenyewe inataja kwamba madhumuni yake ni pamoja na kukuza ujuzi wa watu na kuendeleza ubunifu. Basi kumfadhili mwanafunzi wa uzamili achunguze kwa nini mnara uliojengwa kwa hazina hiyo huzimika wakati wa mvua si kuipotosha sheria, ni kuitekeleza.

Napendekeza, kwa hiyo, mambo manne.

Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Hazina ya Utafiti zitenge kila mwaka nafasi kadhaa za uzamili wa utafiti katika mawasiliano yasiyotumia waya, katika vyuo vyetu vya umma, kwa muda wa miaka miwili kamili. Nafasi hizo ziwe na posho ya kumwezesha mtu kuishi. Mwanafunzi anayefundisha vipindi katika shule tatu ili apate kodi ya nyumba hawezi kukesha akipima mawimbi. Tasnifu nyingi za uzamili hukwama mwaka baada ya mwaka, na sisi wahadhiri huwalaumu wanafunzi kwa uvivu ilhali tunajua fika kwamba wana njaa.

Pili, maswali yakusanywe kutoka mashinani. Walimu wa fizikia na jiografia, wavuvi wa Lamu wanaojua ni wapi baharini simu hushika na ni wapi hukata, wafugaji wa Marsabit, wauguzi wa zahanati za mbali. Wote hao wana maswali. Kila mwaka na ichapishwe orodha ya maswali hayo, na mwombaji achague mojawapo au alete lake.

Tatu, kampuni za simu, ambazo minara yao hurekodi kila siku jinsi viungo vyake vinavyodhoofika na kupata nguvu, ziwafungulie watafiti rekodi hizo. Hapa simaanishi siri za wateja. Namaanisha tarakimu za mnara na mnara mwenziwe. Tarakimu hizo bila mtafiti ni takataka. Zikipata mtafiti huwa ramani ya mvua.

Nne, na hapa naomba wanasayansi wanivumilie, kila atakayefadhiliwa kwa fedha za umma aandike, pamoja na tasnifu yake ya Kiingereza, muhtasari wa kurasa 10 kwa Kiswahili, kisha aende akausome katika shule moja ya upili. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwananchi aliyelipia utafiti ana haki ya kuelezwa alicholipia. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Msamiati hauzaliwi kabla ya kazi. Wakulima na wachuuzi walipoanza kutumiana pesa kwa simu mwaka 2007, hawakungoja kamati ya istilahi, walisema, wakaelewana. Wanafunzi wale wa Tana River, nilivyoelezwa, wana neno lao kwa wimbi lililodhoofishwa na mvua: husema mtandao umelowa. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na sijapata istilahi iliyo wazi kuliko hiyo.

Najua kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba sayansi haina kabila, kwamba wimbi halijui mpaka, na kwamba hesabu zinazoeleza simu iliyo ndani ya gari-moshi ndizo hizo hizo zinazoeleza simu iliyo ndani ya matatu. Wanasema kweli. Binti yetu atajifunza huko jinsi wimbi linavyopungua na kubadilika njiani, na elimu hiyo haitapotea. Lakini kanuni kuwa ya wote hakufanyi vipimo kuwa vya wote. Tone la mvua hupimwa mahali linapodondoka. Wengine watasema kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina fedha za kuchezea mawimbi. Hao nawauliza: je, si nchi hiyo hiyo inayofanya malipo yake, mitihani yake, na hata maonyo yake ya mafuriko kwa simu? Kitu unachokitegemea kiasi hicho, huwezi kukiita mchezo.

Na sasa nirudi kwa swali nililoulizwa. Nilimjibu binti yule aende. Nilimwambia kwamba hakuna haki ya mtu kumwomba abaki hapa akilinda swali lake huku akiwa hana hata senti ya kulifanyia kazi, na kwamba kosa si la chuo kilichomwalika. Wale wametumia fedha zao kwa maswali yao, kama kila mwenye busara anavyopaswa kufanya. Kosa ni letu tusiotumia zetu kwa yetu. Alinyamaza kwa muda, kisha akanisukumia ile bahasha ya pili.

"Basi hili nakuachia wewe, Mwalimu. Huko halina kazi."

Amekwisha kuondoka. Daftari lipo kwenye rafu yangu, baina ya vitabu viwili vya sarufi, na kurasa zake zinaendelea kujaa. Wanafunzi wake hawakuacha kupima. Kila mwisho wa mwezi hunitumia tarakimu zao kwa simu, pale mtandao unapopatikana, nami mtu wa nahau hukaa na kuzinakili safu kwa safu bila kujua zinasema nini. Nimeahidi kuzinakili hadi atokee wa kuzisoma.

Walimu wenzangu, msiwanyamazishe watoto wanaouliza kwa nini mtandao hupotea. Nanyi wanafunzi wa fizikia na uhandisi mnaohitimu mwaka huu, daftari hili halina mwenyewe. Anayelitaka na aje alichukue. Lakini nawaomba wenye hazina za umma wamtayarishie posho yake kwanza, maana sitaki kumkabidhi swali zuri kisha nimtazame akilibeba kwenda kulitupa ng'ambo.